Ahadi za Sultani: Dola ya Uthmaniya na Ulaya, kutoka hati hadi deni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa historia, Mji wa Kale, Mombasa)

Assalamu alaykum warahmatullah. Wazee wangu, walimu wenzangu, mama zangu mlioketi upande ule, na nyinyi vijana mlioziacha shughuli zenu za jioni mkaja kusikiliza habari za watu waliokufa zamani, nawashukuru sana.

Ukitoka hapa ukashuka kidogo kuelekea baharini, unaiona Ngome ya Yesu. Kila mtoto wa Mombasa anajua kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wanaouliza kwa nini mwaka ule ni wachache. Mreno alifika mwambao huu 1498. Akaupiga mji huu, akauchoma, akarudi akauchoma tena, na kwa miaka karibu mia moja hakuona haja ya kujenga boma hapa. Kilichombadilisha mawazo ni Mturuki, yaani Dola ya Uthmaniya, iliyotawala kutoka Istanbul. Katika miaka ya 1580 nahodha mmoja aliyeitwa Mir Ali Bey alishuka kutoka Bahari ya Shamu na marikebu chache, na miji ya mwambao ikampokea kama jamaa. Aliporudi mara ya pili, mwaka 1589, Wareno walimnasa papa hapa Mombasa wakampeleka Lisbon. Miaka minne baadaye mawe ya ngome yakaanza kupangwa. Kwa hiyo tunapopita pale Ngomeni, tunapita mbele ya hofu ambayo Mreno alikuwa nayo juu ya Istanbul.

Nimeanza na mizinga kwa sababu ndiyo tuliyoizoea. Ukimwambia mtu "dola za Kiislamu na Magharibi", kinachomjia kichwani ni panga, farasi na kuta zinazobomoka. Vita vilikuwepo, tena vikali, na sitavificha. Lakini nimesomesha historia muda mrefu, na kadiri ninavyoendelea kusoma ndivyo ninavyoamini kwamba kilichoamua mambo baina ya pande hizi mbili kilikuwa karatasi. Naomba mnivumilie nizungumze habari za karatasi.

Kuna neno ambalo Waturuki walilitumia na sisi tunalitumia kila siku. Neno lenyewe ni ahadi. Hati ambayo Sultani aliwapa Wazungu ili waingie nchini mwake wafanye biashara kwa salama waliiita *ahdname*. *Ahd* ni Kiarabu, ndiyo ahadi yetu hii hii. *Name* ni Kiajemi, maana yake barua. Barua ya ahadi. Historia ya miaka mia nne na zaidi imo ndani ya barua hizo.

Tuanze Istanbul yenyewe. Tarehe 29 Mei 1453, Sultani Muhammad wa Pili, ambaye tunamwita al-Fatih, aliingia Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, akiwa kijana wa miaka 21. Ng'ambo ya hori, katika mtaa wa Galata, walikuwa wakikaa wafanyabiashara wa Genoa kutoka Italia, na walikuwa wakitetemeka, maana baadhi yao walivuka hori wakapigana upande wa walioshindwa. Tarehe 1 Juni, yaani siku ya tatu baada ya mji kuanguka, Sultani akawapa hati. Iliandikwa kwa Kiyunani. Ikawaambia kwamba mali zao ni zao, nyumba zao ni zao, maduka na majahazi yao ni yao. Makanisa yao watabaki nayo na wataswali humo kwa desturi zao, ila wasipige kengele wala wasijenge makanisa mapya. Watoto wao hawatachukuliwa kuwa askari wa Sultani. Na watamchagua wenyewe mzee wa kusuluhisha mambo yao ya biashara.

Kwa nini mtu aliyeshinda vita aandike barua ya namna hiyo? Wapo wanaosema ni ukarimu tu, na wapo wanaosema ni hila tu. Mimi naona ni fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, na forodha zikienda pamoja. Katika fikihi, mgeni asiye Mwislamu anayetoka nchi isiyo ya Kiislamu huweza kupewa *aman*, amani, na akishapewa, damu yake na mali yake ni haramu kuguswa. Kwa madhehebu ya Hanafi, waliyoyafuata Waturuki, amani hiyo ilikuwa na mpaka wa mwaka mmoja, na akizidisha anahesabiwa mwenyeji na kulipa kodi ya wenyeji. Hati ya Sultani iliufungua mpaka huo, mfanyabiashara akaweza kukaa miaka. Na forodha ni hivi: mji ulikuwa mtupu, nusu magofu, na mji mtupu haujazi hazina. Kila gunia lililoshushwa Galata lilikuwa na fungu la Sultani ndani yake.

Sasa shikeni jambo moja, kwa sababu nitalirudia. Hati hizi zilikuwa hiba. Sultani hakukaa meza moja na mtu wakatia saini pamoja kama wanavyofanya maraisi siku hizi. Alitoa, na mwenzake akapokea. Sultani akifa, hati inakufa naye, na balozi wa kigeni lazima aende kumwomba mrithi airudishe. Mtoaji alikuwa na nguvu, na mlango ulikuwa na komeo upande wake.

Mwaka 1525 mfalme wa Ufaransa, François wa Kwanza, alishindwa vita huko Pavia na kufungwa na mpinzani wake, mfalme mkuu Charles wa Tano, mtawala wa Uhispania na sehemu kubwa ya Ulaya. Mama yake mfalme alikuwa Mkatoliki mcha Mungu, na mwanawe alikuwa kifungoni. Akatuma mjumbe. Hakumtuma kwa Papa. Alimtuma Istanbul, kwa Sultani Suleiman. Barua ya majibu ya Suleiman ipo mpaka leo. Inaanza kwa kutaja nchi zake zote, moja baada ya moja, bahari mbili, Rumelia, Anatolia, Damascus, Halab, Misri, Makka, Madina, Baitul Maqdis, Yemen, halafu ndipo inaposema: nawe uliye François, mfalme wa nchi ya Ufaransa. Kisha inamliwaza kwamba si ajabu mfalme kushindwa na kufungwa, ajipe moyo.

Kutoka pale ukazaliwa urafiki ulioishangaza Ulaya. Mwaka 1543 manowari za Waturuki chini ya Hayreddin Barbarossa ziliungana na za Wafaransa wakauzingira mji wa Nice. Msimu wa baridi ulipoingia, mfalme wa Ufaransa aliwaamuru wakaazi wa mji wa Toulon wahame, wanajeshi wa Kiislamu wakakaa mjini humo miezi kadhaa, na kanisa kuu likatumika kama msikiti. Na hati ya biashara ya Wafaransa, iliyoanza kujadiliwa mwaka 1536, ilithibitishwa kikamilifu mwaka 1569.

Waingereza nao wakafuata. Malkia Elizabeth alitengwa na Papa mwaka 1570, na bila ya kukusudia Papa akawa amemfungulia mlango. Marufuku ya Kanisa ya kuwauzia Waislamu vifaa vya vita haikumhusu tena. Mjumbe wake, William Harborne, akapata hati kutoka kwa Sultani Murad wa Tatu mwaka 1580. Majahazi ya Uingereza yakaenda Istanbul na nguo za sufi, bati, risasi, na shaba ya kengele zilizovunjwa makanisani, na mizinga ya Waturuki ikamiminwa kwa madini hayo. Malkia Elizabeth akaandikiana na Safiye, mama wa Sultani Muhammad wa Tatu, wakapelekeana zawadi. Mwaka 1599 ikafika Istanbul karoza, yaani gari la kukokotwa na farasi, kutoka London, zawadi ya mwanamke kwa mwanamke.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu njia ya hati ilipitisha mambo mengi yasiyoandikwa ndani yake. Sisi tuliokulia na kahawa chungu ya jioni tunajua kwamba kahawa ni ya Yemen. Kutoka Yemen ilipanda hadi Istanbul, na majumba ya kahawa yakafunguliwa huko katika miaka ya 1550. Mnamo 1652 mtu aliyeitwa Pasqua Rosée, mtumishi wa mfanyabiashara wa Kiingereza aliyekuwa Izmir, alifungua duka la kahawa London, la kwanza katika mji ule. Wafanyabiashara, mabaharia na waandishi wa habari wakalijaza. Bima kubwa ya London na soko lake la hisa vilianzia katika majumba ya kahawa. Mtu anayesema kwamba Magharibi na Waislamu walikutana vitani tu, na aeleze kahawa.

Kisha kuna ndui. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza kwa Waturuki, aliandika barua kutoka mji wao wa Edirne. Yeye mwenyewe aliugua ndui ikamharibu uso, na ndugu yake ilimuua. Huko Edirne akawaona wanawake wazee wakienda nyumba kwa nyumba na usaha wa ndui ndani ya ganda la jozi, wanachanja mshipa wa mtoto, wanatia kidogo kwa ncha ya sindano, mtoto anapata homa siku chache kisha yuko salama kwa maisha. Mwaka 1718 akamchanja mwanawe huko huko Istanbul, na mwaka 1721 akamchanja binti yake London, mbele ya waganga wa mfalme. Madaktari wengi walimpinga. Miaka 75 baadaye Edward Jenner akagundua chanjo iliyo salama zaidi, na jina lake ndilo tunalosoma vitabuni. Wanawake wale wa Edirne hawana jina hata moja, na hili linaniuma kila ninapofundisha somo hilo.

Nirudi kwenye hati. Mwaka 1683 Waturuki waliuzingira mji wa Vienna mara ya pili wakashindwa, na mwaka 1699 huko Karlowitz wakaachia sehemu kubwa ya Hungaria. Vitabu vyote hukaa hapa sana. Mimi sikai. Dola ile iliishi zaidi ya miaka mia mbili baada ya Karlowitz, na mwaka 1739 iliichukua tena Belgrade kutoka kwa Waaustria.

Nami nataka kukaa kwenye Belgrade. Maana ushindi ule ulipatikana pia kwa msaada wa balozi wa Ufaransa, Marquis de Villeneuve, aliyesimamia mazungumzo ya amani kwa ustadi mkubwa. Sultani Mahmud wa Kwanza akataka kumshukuru, na mwaka 1740 akaipa Ufaransa hati mpya. Ndani yake mlikuwa na jambo ambalo halikuwahi kuwamo. Sultani aliahidi kwa niaba yake na kwa niaba ya wote watakaomrithi. Yaani hati haitakufa tena na mtoaji wake. Ndugu zangu, mimi naamini komeo la mlango liling'olewa siku ile, na liling'olewa kwa shukrani, hakuna mzinga uliolia. Mataifa mengine yakadai yapewe kama alivyopewa Mfaransa, na yakapewa.

Matokeo yake yalionekana kwanza katika jambo dogo, wakalimani. Kila ubalozi ulikuwa na haki ya kuwapa wakalimani wake wenyeji barua ya ulinzi, waliyoiita *berat*. Mwenye barua hiyo hulipa ushuru mdogo kama mgeni, na akishtakiwa kesi yake huangaliwa na ubalozi. Mabalozi wakaanza kuziuza. Tajiri wa Halab asiyejua kwa Kifaransa hata salamu anakuwa mkalimani wa Ufaransa. Walionunua walikuwa Wakristo na Mayahudi wa nchi, raia wa Sultani, na wao siwalaumu, kila mtu hutafutia watoto wake. Lakini soko moja likawa na sheria mbili. Wawili wanauza hariri ile ile, mlango kwa mlango, walikua pamoja, mmoja analipa kamili na mwenzake analipa nusu, mmoja anahukumiwa na kadhi na mwenzake na balozi mdogo. Chuki iliyomea hapo ilikuja kuzaa mabaya. Hali ilifika Sultani Selim wa Tatu akaanza kuwauzia raia zake mwenyewe hati za aina hiyo, ili wapate katika nchi yao haki ambazo mgeni alikuwa nazo tayari.

Urusi ikaingia kwa mlango huo huo mwaka 1774, kwa mkataba wa Küçük Kaynarca, ikadai neno juu ya Wakristo wa Orthodoksi walio chini ya Sultani, na miaka tisa baadaye ikaimeza Krimea. Mwaka 1798 Napoleon akashuka Misri. Haya mnayajua.

Tufike mwaka 1838. Sultani Mahmud wa Pili alikuwa na adui mmoja aliyemnyima usingizi, na adui huyo alikuwa gavana wake mwenyewe, Muhammad Ali wa Misri. Jeshi la Misri lilikuwa limelishinda jeshi la Sultani huko Konya mwaka 1832. Muhammad Ali alipata fedha zake kwa ukiritimba. Pamba ya Misri ilinunuliwa na serikali peke yake na kuuzwa na serikali peke yake. Waingereza walitaka ukiritimba huo uondoke ili wanunue moja kwa moja kwa mkulima. Sultani naye alitaka uondoke ili gavana wake afilisike. Wakakutana hapo. Tarehe 16 Agosti 1838, huko Balta Limanı kando ya Bosporasi, mlango wa bahari unaopita Istanbul, mkataba ukatiwa saini. Ukiritimba ukafutwa katika dola nzima. Mwingereza akileta bidhaa atalipa asilimia 5 basi, na akisafirisha kwenda nje atalipa asilimia 12. Mwenyeji anayehamisha bidhaa kutoka mkoa hadi mkoa ndani ya nchi yake ataendelea kulipa ushuru wa ndani wa asilimia 8.

Naomba muwaze na mfumaji wa Bursa, mji wa Waturuki. Kitambaa chake kikienda mkoa wa jirani kinatozwa 8. Kitambaa kilichofumwa kwa mashine Manchester, kikavuka bahari mbili, kinatozwa 5 na kupita. Sultani alitaka kumkata mguu gavana wake akakata na wake. Ushuru ndio ngao ya mwenye kiwanda kichanga, na ngao ile sasa haikuweza kuinuliwa bila ya ruhusa ya London.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa hapa hapa, muongo ule ule, tukiandika karatasi ile ile. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, alitia saini mkataba na Marekani, mjumbe wao akiwa Edmund Roberts. Wamarekani wafanye biashara watakapo, walipe asilimia 5 kwa bidhaa watakazoshusha, na wakigombana wenyewe kwa wenyewe awahukumu balozi wao mdogo. Waingereza wakapata wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Seyyid Said hakuwa mjinga. Alikuwa mfanyabiashara kuliko watawala wengi wa zama zake, na aliona kwamba meli za Salem, Massachusetts, zitanunua pembe, sandarusi na karafuu zake. Zikanunua kweli. Na zikaleta nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ikaenea bara mpaka maziwa makuu, ikapata jina ambalo bibi zetu waliendelea kulitumia: merikani. Lakini mtoto aliyerithi kiti cha Said alirithi na ile asilimia 5, na aliyefuata hali kadhalika, hata walipohitaji fedha kuliko baba yao alivyowahi kuhitaji. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Basi dola inapofungwa mikono isipandishe ushuru, na vita vinakuja, itapata wapi fedha? Inakopa. Vita vya Krimea vilipoanza, Istanbul ikakopa London mwaka 1854, pauni milioni 3, mkopo wa kwanza wa nje katika historia yake. Mwaka uliofuata ikakopa milioni 5. Halafu ikawa mazoea. Mkopo mpya ulilipa riba ya mkopo wa zamani. Zilijengwa manowari za chuma, zilijengwa na kasri kando ya Bosporasi, na hapa lawama ni ya Istanbul, siwezi kuihamishia kwa mwingine. Sikubaliani na wenzangu wanaoisimulia habari hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa malaika na mwingine shetani. Hata hivyo benki nazo zilijua zinachofanya. Ipo mikopo ambayo dola iliandikiwa deni la 100, na kilichofika mkononi hakikutimia 60. Riba ikahesabiwa juu ya ile 100.

Oktoba 1875 serikali ikatangaza kwamba itaweza kulipa nusu tu ya riba. Deni lilikuwa limefika kiasi cha pauni milioni 200. Misri, chini ya mtawala wake, Khedive Ismail, ilikuwa shimo lile lile. Mwaka huo huo wa 1875 ikauza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa Uingereza kwa pauni milioni 4, na mwaka 1882 wanajeshi wa Uingereza wakaikalia.

Istanbul haikukaliwa na wanajeshi. Ilikaliwa na makarani. Desemba 1881, mwezi wa Muharram, Sultani Abdulhamid wa Pili alitoa amri ya kuunda Idara ya Deni, *Düyun-u Umumiye*. Baraza lake lilikuwa la wawakilishi wa wanaodai, Waingereza, Wafaransa, Wajerumani, Waaustria, Waitaliano, na Waothmani waliokuwa na hati za mikopo. Wakakabidhiwa ushuru wa chumvi, tumbaku, vileo, stempu, samaki na hariri. Waukusanye wenyewe, wajilipe wenyewe. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 idara hiyo ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 5,000, wengi kuliko wizara ya fedha ya dola. Mwanamke wa kijiji cha Anatolia akinunua chumvi ya kutia kwenye mboga, sehemu ya senti zake inakwenda kwa mtu wa London au Paris ambaye hatamjua. Tumbaku ikapewa kampuni ya kigeni yenye walinzi wa silaha, na wakulima wengi waliuawa kwa kosa la kuuza tumbaku waliyoipanda wenyewe.

Ndiyo maana Reli ya Hijazi inanigusa. Abdulhamid alipotaka reli kutoka Damascus hadi Madina, hakukopa Ulaya. Kazi ilianza 1900, na Waislamu wa India, Misri na kwingineko wakachanga, tajiri kwa mfuko na maskini kwa kidogo chake. Mwaka 1908 garimoshi likaingia Madina.

Septemba 1914, vita vikuu vimekwisha kuanza Ulaya na Istanbul haijaingia bado, serikali ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba hati zote za wageni zimefutwa. Mabalozi wakaandika barua za kupinga. Aliandika Mwingereza, akaandika Mfaransa, akaandika Mrusi. Waliandika pia Mjerumani na Mwaustria, ambao walikuwa rafiki na washirika! Juu ya vita walitengana, juu ya hati walikuwa kitu kimoja. Kisha dola ikaingia vitani, na vita vikaja na mengi, na lazima niseme waziwazi kwamba mwaka 1915 serikali ile iliwahamisha Waarmenia kwa nguvu ikawaangamiza, nao walikuwa raia zake, watu waliokaa nchi hiyo karne nyingi. Anayesimulia dhuluma iliyofanyiwa dola hawezi kuinyamazia dhuluma iliyofanywa na dola.

Baada ya kushindwa, mshindi alikuja na karatasi yake ya Sèvres, 1920, hati za wageni zikarudishwa zote. Waturuki wakapigana tena chini ya Mustafa Kemal, wakakaa mezani Lausanne. Mjumbe wao, İsmet Pasha, alikuwa hasikii vizuri, na inasimuliwa kwamba kila Lord Curzon, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alipozungumza sana, hasikii. Februari 1923 mazungumzo yakavunjika, na moja ya sababu kubwa ilikuwa hati hizi hizi. İsmet akarudi nyumbani, kisha akaja tena. Tarehe 24 Julai 1923 mkataba ukatiwa saini, na kifungu cha 28 kinasema kwa maneno machache kwamba hati hizo zimefutwa kabisa, kwa kila hali.

Deni halikufutwa. Liligawanywa kwa nchi zilizozaliwa kutoka ndani ya dola, na fungu kubwa likabaki kwa Uturuki. Sultani hayupo, ukhalifa umeondolewa 1924, herufi zenyewe zilizoandikiwa mikataba zimebadilishwa 1928, na jamhuri inaendelea kulipa. Malipo ya mwisho yalifanywa mwaka 1954, miaka mia kamili tangu mkopo ule wa kwanza wa London.

Jengo la Idara ya Deni bado lipo Istanbul, juu ya kilima, linaitazama bahari. Ni jengo kubwa zuri la mawe, kwa sababu wanaodai walijenga wakijua watakaa. Tangu miaka ya 1930 ni shule ya sekondari. Asubuhi wanafunzi wanapanda ngazi zile zile walizopanda makarani wa chumvi na tumbaku, wanaingia madarasani, na miongoni mwa masomo wanayosoma humo ni historia.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa naomba maswali, tuanze na vijana.